Lis Hartel: polio ilimnyima miguu, farasi akampandisha kwenye jukwaa la Olimpiki

Mwezi wa saba mwaka wa 1952, katika mji wa Helsinki inchini Finland, mwanamke mmoja wa Denmark alipata medali ya feza katika mchezo wa farasi unaoitwa dresaji. Aliwashinda maofisa wa jeshi waliofanya kazi hiyo tangu ujana wao. Mwanamke huyo, Lis Hartel, alikuwa amepooza miguu chini ya magoti. Hakuweza kupanda farasi wala kushuka bila kusaidiwa na mtu.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata medali ya mtu mmoja mmoja katika michezo ya farasi ya Olimpiki. Miaka minane mbele ya siku hiyo alikuwa amelala kitandani, mwenye mimba, hawezi hata kuinua mikono. Haya ndiyo maisha ya mwanamke ambaye jina lake bado linatajwa pote ambapo farasi wanatumiwa kusaidia wagonjwa na watu wenye ulemavu.

Binti wa Hellerup

Lis Hartel alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka wa 1921 katika Hellerup, kaskazini ya mji mkuu Copenhagen. Jina la jamaa yake lilikuwa Holst. Alianza kupanda farasi akiwa mtoto, na mapema ilionekana kwamba alikuwa na kipaji. Mwaka wa 1941 aliolewa na Finn Hartel, naye akachukua jina hilo.

Wakati huo Denmark ilikuwa chini ya utawala wa jeshi la Ujerumani, tangu mwezi wa ine mwaka wa 1940. Maisha yalikuwa magumu, lakini mashindano ya ndani ya inchi hayakusimama yote. Mwaka wa 1943 Lis Hartel alikuwa bingwa wa Denmark katika dresaji. Mwaka wa 1944 alishinda tena. Alikuwa na umri wa miaka 23, na mtoto mmoja.

Dresaji ni mchezo gani

Katika mashariki mwa Kongo farasi ni wachache, na wengi wakisikia mchezo wa farasi wanafikiri juu ya mbio. Dresaji haina mbio. Mpandaji anaingia peke yake katika uwanja wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 20, anapita mbele ya waamuzi, na kumwongoza farasi afanye mwendo mmoja kiisha mwingine katika utaratibu uliopangwa mbele. Kwa kila mwendo waamuzi wanatoa alama, kuanzia 0 mpaka 10.

Kuna mwendo ambamo farasi anapiga hatua mahali pamoja bila kwenda mbele. Kuna mwingine ambamo anainua miguu juu, polepole, kama anayekataa kugusa udongo. Anazunguka huku miguu ya nyuma ikibaki karibu pahali pamoja. Anakimbia kidogo na kubadilisha mguu unaotangulia, akiwa hewani. Farasi hafundishwi mambo hayo kwa mwezi mmoja. Ni kazi ya miaka, yenye mazoezi karibu kila siku, na anayemharakisha anaweza kumharibu.

Sehemu ngumu zaidi ni kwamba waamuzi hawapashwi kuona mpandaji akitoa amri. Hasemi neno. Hapigi kelele. Anatumia vitu vitatu: mikono inayoshika hatamu, uzito wa mwili wake juu ya tandiko, na miguu inayobana mbavu za farasi. Kati ya hivyo vitatu, waalimu wengi wanaweka miguu mbele. Mguu ndio unaosukuma farasi aende, unaomwambia apinde, unaomwamsha akilegea. Mpandaji asiye na miguu ni sawa na dereva wa gari asiyefikia pedali.

Ugonjwa wa mwezi wa tisa

Mwezi wa tisa mwaka wa 1944, Lis Hartel alipatwa na polio. Alikuwa na mimba ya mtoto wa pili.

Polio inaletwa na virusi vinavyoingia kwa kinywa, mara nyingi kwa njia ya maji au mikono iliyochafuliwa. Watu wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Lakini kwa wachache, karibu mtu 1 kati ya 200, virusi vinashambulia mishipa ya fahamu inayopeleka amri kwa misuli. Misuli inabaki mahali pake, lakini haisikii tena amri. Wakati huo hapakuwa na chanjo. Hata leo hakuna dawa ya kuponya polio mtu akiisha kupooza.

Kwa Lis Hartel ugonjwa ulishika karibu mwili wote: miguu, mapaja, mikono. Kwa mama mwenye mimba, hofu ilikuwa ya watu wawili. Lakini mtoto alizaliwa mzima, binti wa pili katika nyumba hiyo.

Kurudi kulikuwa polepole sana. Alianza kwa kujifunza kuinua mikono. Nyuma yake akajifunza kutambaa, sawa na mtoto mchanga, wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Bwana yake na mama yake walimsaidia katika mazoezi hayo. Kisha miezi minane hivi aliweza kutembea kwa magongo. Mapaja yalipata nguvu kidogo. Lakini chini ya magoti miguu haikurudi, na haikurudi mpaka mwisho wa maisha yake. Mikono nayo ilibaki na udhaifu.

Ushauri wa kawaida kwa mgonjwa wa namna hiyo ulikuwa kushukuru kwamba anatembea kwa magongo, na kutulia. Yeye aliomba kuwekwa juu ya farasi.

Kujifunza upya bila miguu

Kukaa tu juu ya mgongo wa farasi kulikuwa kazi. Mtu mzima anajishika kwa mapaja na magoti, na farasi akiyumba, miguu inamrudisha katikati. Aliyepooza hana msaada huo. Ilimpasa Mama Hartel kwanza atafute namna ya kubaki juu, mbele ya kufikiri juu ya kuongoza.

Hapa kuna jambo moja juu ya polio ambalo watu wengi hawajui. Ugonjwa huu unakata amri zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwa misuli, lakini kwa kawaida hauondoi hisia. Mtu aliyepooza kwa polio bado anasikia baridi, maumivu na mguso. Mguu wa Mama Hartel haukuweza kubana farasi, lakini mwili wake uliendelea kusikia kila hatua ya mnyama, namna mgongo wake unavyopanda na kushuka, upande gani unakaza na upande gani unalegea.

Basi alihamisha lugha yote. Mambo ambayo wengine wanayasema kwa miguu, yeye aliyasema kwa mgongo, kwa kiuno na kwa uzito. Akiegemea kidogo sana upande mmoja, farasi alipaswa kuelewa. Akikaza mgongo, farasi alipaswa kukusanya nguvu nyuma. Njia hiyo haikuwa mpya kabisa, kwa sababu kila mpandaji mzuri anatumia uzito. Lakini wengine wana miguu ya kusahihisha pale uzito umekosea. Yeye hakuwa nayo, kwa hiyo uzito wake haukuwa na ruhusa ya kukosea.

Farasi aliyejifunza naye lugha hiyo anaitwa Jubilee, farasi jike. Jina lake haliachani na jina la Lis Hartel. Katika mashindano mengi farasi anatajwa kama chombo cha mpandaji. Kwa wawili hawa ilikuwa vingine, kwa sababu farasi anayengoja kubanwa na mguu ndipo aende hangemfaa mama huyu hata kidogo.

Mwaka wa 1947, miaka mitatu nyuma ya ugonjwa, alirudi kwenye mashindano makubwa. Katika mashindano ya inchi za Skandinavia alishika nafasi ya pili.

Mlango uliofungwa kwa wasio maofisa

Olimpiki ya mwaka wa 1948 ilifanyika London. Lis Hartel hakuweza kwenda, na ulemavu haukuwa kizuizi cha kwanza. Sheria ilikataa wanawake katika michezo ya farasi ya Olimpiki. Ilikataa pia wanaume raia katika dresaji: mchezo huo ulikuwa wa maofisa wa jeshi peke yao.

Sheria hiyo ilishikwa kwa ukali. Katika London timu ya Uswidi ilishinda medali ya zahabu ya dresaji. Nyuma yake ikajulikana kwamba mmoja wa wapandaji wake, Gehnäll Persson, hakuwa ofisa wa kweli. Alikuwa sajenti aliyepewa cheo cha muda kusudi aruhusiwe kushindana, kiisha akarudishwa chini. Uswidi ikanyanganywa medali, na Ufaransa ikapewa zahabu. Farasi wa Persson hakuwa na kosa, na kazi yake katika uwanja haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa alama ya cheo begani.

Fujo hiyo iliwafanya watu wengi waone kwamba sheria imepitwa na wakati. Majeshi yenyewe yalikuwa yanaacha farasi na kutumia magari. Kwa Olimpiki ya 1952 mlango wa dresaji ukafunguliwa: askari wa vyeo vya chini, raia na wanawake wakaruhusiwa. Katika kuruka vizuizi wanawake walingoja mpaka 1956, na katika mashindano ya mchanganyiko wa siku kadhaa mpaka 1964.

Mwaka wa 1952

Kwa Mama Hartel mwaka huo ulikuwa wa kazi nyingi. Alishindania ubingwa wa Denmark, akaupata, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule ule aliougua. Miaka minane ilikuwa imepita kati ya taji la 1944 na la 1952. Tena ilibidi amtayarishe Jubilee kwa Helsinki, ambako wangekutana na mafundi wakubwa wa dunia.

Kutayarisha farasi kwa msimu wa namna hiyo ni kazi ya kupima. Mazoezi yakipungua, farasi anasahau na misuli inalegea. Yakizidi, anachoka, anachukia kazi, anaweza kuumia mguu majuma machache mbele ya safari. Mpandaji naye ana mwili wa kuchunga. Kwa mwanamke ambaye misuli yake michache iliyobaki ilifanya kazi ya misuli yote, kila saa juu ya tandiko ilikuwa na bei yake.

Katika Helsinki wanawake 4 waliingia katika dresaji. Lis Hartel alipandishwa juu ya Jubilee, akaingia uwanjani. Mtazamaji asiyejua habari zake aliona mwanamke aliyekaa vizuri sana na farasi aliyetulia. Hakuona mguu uliokufa, kwa sababu kanuni ya mchezo ni kwamba mguu usionekane ukifanya kazi. Ulemavu wake ulifichwa na uzuri wa mchezo wenyewe.

Alama zilipohesabiwa, Henri Saint Cyr, ofisa wa jeshi la Uswidi, alikuwa wa kwanza kwa alama 561. Lis Hartel alikuwa wa pili kwa 541.5. Mfaransa André Jousseaume alikuwa wa tatu kwa 541. Nusu ya alama ilitenga feza na shaba.

Wakati wa kupewa medali ndipo watu wengi walielewa. Mshindi wa medali ya feza hakuweza kupanda jukwaa. Saint Cyr, aliyemshinda, alimsaidia kufika juu. Picha ya ofisa huyo na mwanamke aliyepooza imebaki kati ya zinazokumbukwa zaidi katika historia ya Olimpiki. Gehnäll Persson naye alikuwapo Helsinki, safari hii bila cheo cha kuazima, na Uswidi ikapata tena zahabu ya timu.

Copenhagen katika mateso

Majuma hayo hayo ambapo Denmark ilifurahia medali hiyo, polio iliingia Copenhagen kwa nguvu isiyoonekana mbele. Kuanzia katikati ya mwaka wa 1952 hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa wengi sana, wengi wao watoto, ambao misuli ya kupumua ilikuwa imepooza. Mashine za kusaidia kupumua zilikuwa chache mno.

Mwezi wa nane, daktari Bjørn Ibsen alipendekeza njia nyingine: kufungua tundu katika koo la mgonjwa, kuingiza mpira, na kusukuma hewa kwa mkono kwa kukamua mfuko. Wanafunzi wa udaktari karibu 1500 walipokezana, usiku na mchana, wakikamua mifuko hiyo kando ya vitanda. Vifo vilipungua sana. Waganga wengi wanahesabu kazi hiyo ya Copenhagen kuwa mwanzo wa vyumba vya wagonjwa mahututi vya leo.

Kwa jamaa zilizokaa kando ya vitanda hivyo, medali ya Helsinki haikuwa habari ya michezo tu. Ilikuwa na maana kwamba mtoto akitoka hai na amepooza, maisha yake hayajafungwa. Miaka mitatu baadaye, 1955, chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa inafaa, na Denmark ilikuwa kati ya inchi za kwanza kuchanja watoto wake.

Stockholm, alama kumi

Olimpiki ya 1956 ilipewa mji wa Melbourne, lakini sheria za Australia za karantini hazikuruhusu farasi wa kigeni kuingia. Kwa hiyo michezo ya farasi peke yake ilifanyika Stockholm, Uswidi, mwezi wa sita. Lis Hartel alikuja tena na Jubilee, akiwa na umri wa miaka 35.

Matokeo yalikuwa yale yale. Saint Cyr wa kwanza kwa alama 860, Hartel wa pili kwa 850. Liselott Linsenhoff wa Ujerumani alikuwa wa tatu, kwa hiyo wanawake wawili walisimama kwenye jukwaa ambalo miaka minane mbele yake lilikuwa la maofisa peke yao.

Lakini mashindano hayo yaliacha uchungu. Mwamuzi wa Uswidi aliwaweka wapandaji wa Uswidi mbele ya wengine wote, na mwamuzi wa Ujerumani akafanya vile vile kwa Wajerumani. Wote wawili waliazibiwa na shirikisho la dunia, na dresaji yenyewe ikakaribia kuondolewa katika Olimpiki. Katika Roma, mwaka wa 1960, hapakuwa na mashindano ya timu. Mama Hartel aliachwa kwa alama 10 tu.

Katika inchi yake alikuwa bingwa mara saba kwa jumla: 1943, 1944, 1952, 1953, 1954, 1956 na 1959. Mataji matano kati ya hayo saba aliyapata akiwa amepooza.

Alichokiacha

Kisha mashindano, alitumia jina lake kwa ajili ya wengine. Alifundisha, alionyesha kazi ya farasi mbele ya watu katika inchi mbalimbali, na alisaidia kukusanya feza kwa ajili ya waliopatwa na polio. Mfano wake uliwapa nguvu waganga na waalimu wa Ulaya ya Kaskazini waliokuwa wanaanza kutumia farasi kama tiba. Hatua za farasi zinatikisa kiuno cha aliyempanda karibu namna kutembea kunavyokitikisa, na hivyo mtu asiyetembea anapata mazoezi ya mgongo, ya tumbo na ya usawa wa mwili. Inchini Uholanzi kuna shirika la kazi hiyo linalobeba jina lake.

Polio bado haijawa historia kwa wasomaji wa Kongo. Afrika ilitangazwa mwaka wa 2020 kuwa imeondoa polio ya asili, lakini virusi vya aina inayotokana na chanjo ya matone vinaendelea kuzunguka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zaidi pale watoto wengi hawajachanjwa. Ndiyo sababu wachanjaji wanaendelea kupita nyumba kwa nyumba, na wazazi wanaombwa kuwatoa watoto wote wenye umri wa chini ya miaka 5, hata waliopata matone mbele. Katika miji yetu, wanaotembea kwa magongo au kwa baiskeli za mikono kwa sababu ya ugonjwa huo ni baba na mama wa jamaa, wafanya biashara na mafundi.

Denmark ilimwingiza Lis Hartel kati ya mashujaa wa michezo wa inchi mwaka wa 1992. Alikufa tarehe 12 mwezi wa pili mwaka wa 2009, akiwa na umri wa miaka 87.

Tangu 1996, katika Atlanta, dresaji imo katika michezo ya Paralimpiki. Wapandaji wanagawanywa kufuata ulemavu wa kila mmoja, na wengine wanaruhusiwa kubeba fimbo mbili pahali pa miguu isiyofanya kazi. Mwaka wa 1952 hapakuwa na kundi la pekee wala ruhusa ya namna hiyo. Alama 541.5 za Helsinki zilitolewa kwa kipimo kile kile kilichotumiwa kwa maofisa.